Kiungo, Kitufe na Jina la Mtu

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kusahihisha maandishi ya watu wengine: kwanza insha za wanafunzi, halafu maandalio ya masomo ya walimu vijana, na mwishowe, nilipokuwa mwalimu mkuu, barua za wazazi wenye kuomba nafasi au kuomba radhi. Chuoni tulifundishwa kwamba kila andiko liulizwe mambo matatu: nani anasema, anamwambia nani, na anataka atendewe nini. Habari ya usanifu wa lugha ilikuja baadaye. Nimekwisha kustaafu siku nyingi, lakini kalamu nyekundu haikustaafu pamoja nami, na katika sura hii nataka kuitumia juu ya maandishi ambayo wahakiki wetu hawajisumbui nayo, ingawa nadhani husomwa hapa Nambis kuliko riwaya yoyote iliyopata kuchapishwa Dar es Salaam.

Nasema juu ya maandishi ya programu za simu zinazokopesha fedha, zile ambazo watu wamezipa jina la kausha damu pamoja na ndugu zao wakopeshaji wa mitaani. Maandishi hayo yana sehemu tatu. Kwanza ni tangazo lenye kiungo cha kupakua. Pili ni ukurasa unaoomba ruhusa. Tatu ni ujumbe unaotumwa kwa jamaa na jirani za mkopaji siku anapochelewa kulipa. Watu huzungumzia sehemu ya tatu peke yake kwa sababu ndiyo inayouma. Mimi nayasoma yote matatu kama andiko moja, maana la tatu haliwezekani bila la pili, na hakuna anayefika kwenye la pili bila kuvutwa na la kwanza.

Hebu tuanze na maneno yenyewe. Kiungo katika mwili ni mahali ambapo mfupa hukutana na mfupa. Jikoni ni kitu kinachotiwa chunguni, hakionekani tena, lakini chakula chote kimekwisha kubadilika. Sijui waliolichagua neno hili kwa mambo ya kompyuta walifikiria maana ipi, lakini ya pili ndiyo inayofaa kwa hadithi yangu. Na kupakua je? Kwetu sote kupakua ni kutoa chakula chunguni na kukitia sahanini. Pwani ni kushusha shehena kutoka chomboni. Kwa maana zote mbili anayepakua ndiye anayepata. Mtu anapoambiwa apakue programu, basi, huenda kwa moyo wa mtu aliyeshika sahani. Hajui kwamba dakika ile ile yeye naye anapakuliwa.

Tangazo lenyewe ni fupi, na kama kazi ya uandishi si baya. Husema mkopo ni wa haraka, hauna fomu, unahitaji kitambulisho cha taifa tu, na tena hauna dhamana. Sina ugomvi na haraka. Fedha hufika kweli kwa dakika chache, na hilo ndilo linalowapa watu imani. Ugomvi wangu ni na maneno mawili, "bila dhamana". Dhamana ipo. Ni ile orodha ya majina na namba iliyomo ndani ya simu ya mkopaji: mama yake, mchungaji wake, mwenyekiti wa kitongoji, fundi cherehani, mwalimu wake wa zamani. Mkopeshaji wa mnadani angechukua baiskeli au kitanda, na mwenye mali angejua ameweka nini rehani. Hapa rehani ni watu, na watu wenyewe hawakuulizwa.

Ipo alama moja ambayo msomaji makini angeweza kuitumia. Tangu tarehe 31 Mei 2023 kanuni za duka la Google Play zinakataza programu za mikopo ya binafsi kugusa orodha ya namba za watu na picha zilizomo katika simu. Kwa hiyo mtu anayekuletea mkopo kwa kiungo cha pembeni, kilichotumwa kwa ujumbe au kuegemezwa kwenye tangazo, mwulize kwanza kwa nini hakupita mlangoni. Aghalabu ni kwa sababu ana mzigo ambao mlangoni usingeruhusiwa. Lakini nani wa kuyajua haya pale Mbulu mjini, stendi, mtu ana salio la siku moja na shida ya siku hiyo hiyo?

Sasa tufike kwenye ukurasa wa pili, ambao kwangu ndio moyo wa jambo lote. Simu nyingi zilizowekwa lugha ya Kiswahili huuliza kama ungependa kuiruhusu programu fulani ifikie "anwani" zako. Nimelirudia swali hili mara nyingi na kila mara nashika kichwa. Kwa mtu wa rika langu, na hata kwa aliye nusu ya umri wangu aliyekulia kijijini, anwani ni S.L.P., sanduku la posta. Ni mahali barua inapofika. Hakuna mtu Nambis anayeziita namba za simu za jamaa zake anwani. Anaziita namba za watu. Basi mtu huyu aliyezaliwa katika Kiiraqw, aliyekutana na Kiswahili shuleni, anasoma kwamba programu inataka kufikia anwani zake, naye anaona ni jambo la heshima: mkopeshaji anataka kujua anakaa wapi. Anabonyeza "Ruhusu" kwa nia njema kabisa.

Mtafsiri hakukusudia kumdanganya mtu. Alikuwa na neno la Kiingereza na kamusi, akachukua lililokuwa karibu, na neno hilo linatumika katika kila programu, nzuri na mbaya. Lakini tafsiri dhaifu ni kama daraja lenye ubao mmoja mbovu: mwenye nia mbaya hahitaji kulivunja, anangoja tu uukanyage. Na haikuwa lazima iwe hivi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi ile ilionyesha kwamba watu wakikaa pamoja kubishana juu ya istilahi wanaweza kupata maneno yenye kueleweka. Nasikitika kwamba juhudi ya namna hiyo ilikwenda zaidi kwenye menyu za kuandikia barua, na siyo kwenye sentensi ile moja ambayo mtu husaini kwa kidole.

Ujumbe wa tatu niliupata mimi mwenyewe, mwaka 2024, nikiwa napalilia. Ulitoka kwa namba nisiyoijua. Haukuwa na salamu. Mtu ambaye huenda ni mdogo kuliko mjukuu wangu wa kwanza hakuona haja ya kuniamkia, akaingia moja kwa moja kunieleza kwamba mwalimu fulani kijana, niliyemfundisha darasa la saba na ambaye sasa anafundisha shule ya jirani, ni mwizi na tapeli, kwamba amekimbia na fedha za kampuni, na kwamba aliniandika mimi kuwa mdhamini wake, kwa hiyo nimhimize alipe kabla ya saa kumi jioni. Chini yake ilikuwapo picha ya kijana huyo akiwa ameshika kitambulisho chake karibu na uso, picha aliyoipiga ili apewe mkopo.

Kampuni yenyewe siitaji. Nataka kuusahihisha ujumbe kama ningesahihisha insha.

Kosa la kwanza: hakuniandika kuwa mdhamini. Namba yangu ilichukuliwa pamoja na namba nyingine zote. Kosa la pili: hakukimbia. Siku ile alikuwa darasani, akifundisha hesabu za sehemu. Kosa la tatu ni neno mwizi. Alikuwa ameomba shilingi 150,000, akapokea 105,000 baada ya kukatwa kitu kilichoitwa ada ya huduma, na akatakiwa arudishe 150,000 pamoja na riba baada ya siku saba. Siku ya tisa alikuwa hajamaliza. Mdaiwa wa siku ya tisa Kiswahili kina jina lake, na si mwizi. Lakini kuna sentensi moja katika ujumbe ule ambayo ni ya kweli: anadaiwa. Na wala simtetei kwa hilo. Alikopa, alipe, alipe kile alichopokea na riba iliyo halali. Nilimwambia hivyo, naye alikubali kabla sijamaliza kusema.

Tatizo ni kwamba ujumbe ule haukunifikia mimi tu. Ulifika kwa mwalimu mkuu wake, kwa kiongozi wa kwaya, kwa mwuza duka anayemkopesha sukari, na kwa baba wa binti ambaye wazee walikuwa wamekwisha kupeleka habari za posa. Upande wa binti haukusema neno baya lolote. Walisema tu kwamba mambo yasubiri kidogo. Hapa kwetu kila mtu anajua maana ya kusubiri kidogo.

Zamani Wairaqw walikuwa na metimani. Mtu au nyumba iliyopatwa na jambo lililohesabiwa kuwa na unajisi, mathalani vifo vya namna fulani, ilitengwa kwa muda. Sisemi ilikuwa desturi ya huruma; wapo walioonewa nayo, hasa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Lakini ilikuwa na kiasi chake: iliamuliwa mbele ya watu, na kulikuwa na taratibu ya kumrudisha aliyetengwa. Ujumbe wa simu humtenga mtu bila kikao, na hauna mzee wa kuuendea kuuliza lini utakwisha. Kijana alimaliza deni lake katika mwezi ule ule. Hakuna ujumbe wa pili uliotumwa kwa watu wale wale kusema amelipa.

Swali lililonisumbua ni hili: hapa kosa liko wapi kwa mujibu wa sheria? Wengi hukimbilia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Nimeisoma, kifungu cha 16 hasa, kama kilivyopitishwa, kwa Kiingereza kilichoandikiwa wanasheria. Kinamtia hatiani mtu anayechapisha katika mfumo wa kompyuta habari anazojua ni za uongo, za udanganyifu, za kupotosha au zisizo sahihi, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana, au vinginevyo kuudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Nikimpa mwanafunzi kazi ya kuandika kanuni za shule akaniletea sentensi hii, ningemrudishia. Ameweka uongo na kutokuwa sahihi katika kapu moja, ilhali kila mwalimu anajua kwamba mtoto anayekosea tarehe na mtoto anayedanganya si watoto wa namna moja. Ni kweli neno "anazojua" lipo, na ni zuri, lakini limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Ameweka kashfa, tisho, tusi na ulaghai chini ya fimbo moja, na fimbo yenyewe haina upande mwembamba, maana adhabu haiwezi kushuka chini ya kiwango. Sentensi pana kiasi hiki humnasa kirahisi mtu mmoja mwenye mdomo na simu, kwa sababu jina lake linajulikana na nyumba yake ipo. Kampuni iliyojificha nyuma ya kiungo inapita katikati ya nyuzi. Majirani zetu waliona ubaya wa sentensi za aina hii. Mahakama Kuu ya Kenya ilikifuta kifungu kinachofanana nacho mwaka 2016, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikifuta chake Januari 2023, kwa hoja ambazo mhakiki yeyote wa lugha angezitambua: maneno ni mapana, na raia hawezi kujua mpaka uko wapi.

Lakini hata kama kifungu kingeandikwa vizuri, kisingefika kwenye kiini cha jambo. Kashfa ina swali lake la asili, nalo ni: je, uliyosema ni kweli? Ukweli ni ngao ya mshitakiwa. Mwaka 2016, huko New York, kampuni ya Enigma Software iliishitaki tovuti ya Bleeping Computer kwa kashfa, kwa sababu ya maandishi yaliyoonya watu wasiipakue programu yake ya kuondoa virusi. Mwaka 2017 pande mbili zilipatana nje ya hukumu. Katika kesi kama ile swali la ukweli lina maana, kwa sababu mtu amesema neno juu ya bidhaa na umma una haki ya kujua kama bidhaa ni nzuri. Kwetu mambo yamepinduka. Mwenye programu ndiye anayesema, na anayesemwa ni mnunuzi. Tena uongo ukiondolewa, neno mwizi likafutwa na tapeli likafutwa, ikabaki ile sentensi moja ya kweli kwamba mwalimu fulani anadaiwa shilingi kadhaa, kijana yule angekuwa ameumizwa karibu sawasawa. Baba wa binti asingehitaji zaidi ya hapo.

Kwa hiyo naona sheria yenye akili zaidi katika jambo hili ni nyingine, isiyosemwa sana vijijini: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 2023. Hii haianzi na kuuliza kama ni kweli. Inauliza, umeipata wapi namba ya mtu huyu, kwa kazi gani, na nani alikubali? Mbele ya maswali hayo kitufe cha "Ruhusu" kinaonekana udhaifu wake. Kijana alibonyeza, sawa. Tuseme hata alielewa. Lakini angewezaje kuniruhusia mimi? Mimi sikubonyeza kitu. Kenya wamekwisha kwenda njia hiyo: Septemba 2023 ofisi yao ya kulinda taarifa iliitoza faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo, kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kuwatumia watu ujumbe wa vitisho. Hukuhitajika kubishana kama wadaiwa walikuwa wezi au la.

Upande wetu, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kufuata utaratibu. Naipongeza. Kama msomaji, hata hivyo, naona orodha ni aina ya andiko linalozeeka upesi kuliko yote. Majina yake ni vipande vya Kiingereza vinavyofanana kama vifaranga, na programu iliyotajwa leo inaweza kurudi kesho kwa jina lingine na kiungo kingine. Mtu anayetaka kukopa hatembei na orodha ya majina 69 mfukoni. Anasoma kitu kimoja tu, kile kilicho mbele yake wakati kidole kiko juu ya kioo. Hapo ndipo maneno yanapotakiwa kuwa sahihi.

Nilijaribu kuuandika upya ukurasa ule wa ruhusa, kwa Kiswahili ambacho ningekiandika ubaoni. Nimeandika hivi: "Programu hii inataka kuchukua majina na namba za simu za watu wote uliowahifadhi. Ukichelewa kulipa, inaweza kuwapigia au kuwaandikia watu hao, akiwamo mama yako, na kuwaambia habari zako. Watu hao hawajaulizwa. Unakubali?" Ni sentensi nne, na hazina istilahi hata moja. Niliandika mama kwa makusudi; neno ndugu watu hulipita.

Siku ya mnada niliipeleka karatasi hiyo mjini nikawasomea watu watatu pale wanapoegesha pikipiki, wote waliowahi kukopa kwa simu. Wa kwanza alisema, "Mzee, hapo nisingebonyeza." Wa pili aliniomba nirudie sentensi ya pili, akanyamaza, halafu akatoa simu yake na kuanza kutafuta mahali pa kuiondoa ile ruhusa, tulisaidiana, ikatuchukua kama robo saa. Wa tatu alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimeandika vizuri na kila kitu kinaeleweka. Kisha akasema yeye angebonyeza tu, maana mwanawe amechaguliwa kwenda kidato cha tano, wanaripoti Jumatatu, na godoro bado.